Swali la Tatu

Haki ni nini? Toa mifano. Alama ishirini.

Feni ya ukumbi inakoroga joto, haipoozi.
Mwalimu alitufundisha wazee wa Ugiriki,
nimewakariri mmoja mmoja, hata waliokunywa sumu,
lakini kalamu imegoma, imeshika njia ya Mpwayungu.

Bumu liliingia Jumanne.
Kufikia Alhamisi bweni zima lilinuka viatu vipya.
Sijitengi: nami nilinunua,
raba nyeupe, nyeupe ya kulichokoza vumbi la Dodoma.
Ilibaki mia na hamsini.
Binti wa kaunta, bila kuinua macho,
akanisukumia pipi tatu.
"Chenji hatuna."
Nikazimung'unya hadi Chimwaga.
Jioni simu ikatetema:
Mpendwa mteja, tunakukumbuka.
Wananikumbuka!
Na ilikuwa wiki ile ile
niliposahau kwamba bibi ametimiza miaka mitano kaburini.

Bibi Mbeleje alilima karanga.
Wanunuzi walikuja na gunia lao,
wakalijaza, wakalishindilia kwa goti,
wakalivika kilemba na kukishona, lumbesa,
kisha wakahesabu: gunia moja.
Bibi akakizunguka kile kilemba.
"Na hiki kichwa, mnamlipa nani?"
Wakacheka. Nami nilicheka,
nilikuwa mdogo, walishanipa biskuti.
(Biskuti na pipi. Leo ndiyo naona
kwamba ni ukoo mmoja.)

Likizo nikaenda dukani kwa Sechelela,
mafuta ya kupima, chumvi ya kufunga kwenye karatasi.
Nilisikia bibi alikufa akidaiwa,
na mwenye raba nyeupe anaona haya.
Sechelela akatoa daftari, pembe zimeliwa na mende,
akalamba kidole, akarudi nyuma,
nyuma zaidi, mpaka wino ukawa wa kahawia.
Mbeleje: sukari robo.
Mbeleje: sabuni kipande.
Mbeleje: kiberiti, dawa ya kichwa, kiberiti.
Kila mstari umekatwa kwa kalamu nyekundu
isipokuwa wa mwisho.
"Hapa hadaiwi," akasema. "Hapa anadai."
Akainama chini ya meza, akaibuka na kopo,
akanihesabia kiganjani: mia moja. Hamsini.
"Alinipa noti, sikuwa na chenji.
Nikamwambia, mama, pitia kesho.
Kesho yake ilinyesha.
Keshokutwa mkapiga yowe."

Nikasema, miaka mitano, mama,
si ungenunulia hata mshumaa?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa
njia ya kwenda nyumbani kwake.
"Ina mwenyewe."

Hapo ningeweka nukta, nidai alama zangu.
Ila Sechelela alichukua ile kalamu nyekundu
akapiga mstari, taratibu, kwa rula,
juu ya jina la bibi,
nami nikatamani kumshika mkono.
Duniani kote palikuwa pamebaki mahali pamoja
ambapo Mbeleje alikuwa bado anangojwa,
apite, achukue chake.
Nami ndiye niliyekuja kupafunga.
Kwa haki kabisa.

Hili, mheshimiwa msahihishaji, halimo kwenye kitini.

Risiti ya raba nimeichungulia leo asubuhi:
maandishi yameondoka, imebaki karatasi ya kupulizia pua.
Raba zenyewe zimekuwa rangi ya barabara ya Ng'hong'hona.
Mia na hamsini ninazo mfukoni,
nikijongea kwenye kiti zinagongana,
jirani ananikata jicho, anadhani nimeingia na kitu.

Msimamizi anasema zimebaki dakika mbili.
Nimeandika: Mfano wa pili,
nikaweka nukta mbili,
nikasikia viti vinaburutwa.