Bapa na Mkuku

Kwenye karakana ya Fundi Kitsao, Mtongwe,
boti mbili zimelazwa juu ya matairi mabovu
kama mbuzi waliokwisha tiwa bei.
Moja bapa, tumbo la sinia;
ya pili ina mkuku, imechongoka chini
mithili ya kifua cha kuku aliyekonda.

"Hii," asema, akiigonga bapa kwa kifundo cha kidole,
"maji yakipwa hupita juu ya matope ya Mwache,
na abiria husimama kama yuko barazani.
Lakini hapo Kilindini, meli ikishapita,
itakupiga makofi mpaka uyahesabu meno yako."
"Na hii?"
"Hii hukata. Ila ikisimama, hulewa."

Nina laki moja na themanini, za chama na za bangili.
Nina mama, magoti yake mawe,
Jumanne na Ijumaa kliniki, ng'ambo.

Nimpunguzie uchungu wa kupanda
au uchungu wa njia?

Nimempigia, nimeweka spika.
Kimya. Nasikia kijiko kikikoroga.
"Hiyo ya mkuku ina pa kushika?"
Hakuna.
"Mwambie atoboe, atie chuma pembeni.
Kupanda ni mara moja, mwanangu.
Njiani nina chai."

Fundi ameshachukua keekee,
nami bado naitazama ile bapa,
jinsi ilivyotulia,
kama mtu aliyejua tangu asubuhi
kwamba hatachaguliwa.