Mengineyo

Usoke, mwezi wa pili, majani yameanza kuiva kutoka chini.
Nina kishikwambi chenye chaji asilimia sitini,
vichupa ishirini vya vifuniko vyekundu,
na fomu ya ridhaa ya kurasa nne
ambayo mwenye nyumba namba 041 ameishika
kama anavyoshika risiti ya ushirika:
mbali kidogo na macho, kwa ncha za vidole.

"Mwangaluka," nasema.
"Mwangaluka. Na leo mmekuja kutafuta nini?"

Milembe Kashindye. Miaka arobaini na mitatu, kwa kukadiria.
Swali la kumi na moja: Je, unavuta sigara?
"Sivuti. Tumbaku ndiyo inayonivuta."
Nabonyeza Hapana.

Swali la kumi na mbili: Katika siku saba zilizopita
umechuma majani yenye umande?
"Mimi nisubiri jua. Jani limsubiri nani?"

Jioni, anasema, dunia inamzunguka,
anatapika hadi nyongo.
Hapa tunaita kulewa majani.
Nkwabi wake wa darasa la tano analewa pia,
ila yeye mwalimu anamwandika mtoro.

Nashuka na orodha: Malaria. Taifodi. Presha. Ujauzito.
Mengineyo.
Kisanduku cha Mengineyo kinapokea herufi mia moja na ishirini.
Nyongo imeingia. Nkwabi amebaki nje.

Anatoka nyuma ya bani, kichupa bado cha moto.
"Unapelekwa wapi huu?"
"Maabara. Dar es Salaam."
"Haya. Mkojo wangu utaiona bahari kabla yangu."

Halafu, bila kuulizwa (dodoso halina mahali pa haya):

"Mwaka juzi alikuja wa misitu,
akahesabu visiki,
akauliza bani moja linameza miti mingapi.
Kabla yake binti mmoja mpole sana,
alitaka kujua hela ya mauzo inalala mfuko wa nani.
Mwingine alimpima mtoto mkono
kwa utepe wa rangi tatu, akaniachia sabuni.
Kila mtu anaondoka na nofu lake
kama mbuzi wa msibani.
Lakini kijana, kuni zile nilizikata mimi,
kwa mkono huu uliolewa,
nilipe deni la mbolea,
mtoto akashika taa ya bani usiku kucha,
asubuhi akasinzia darasani.
Kisiki, mkono, mfuko, mtoto,
nyie mna ofisi nne.
Kwangu ilikuwa Jumanne moja tu."

Miezi kumi na minne.
Ukumbi wa Dodoma, chai ya maziwa, sambusa mbili mbili.
Milembe yumo katika jedwali la tatu, safu ya wasiovuta,
na damu yake inasimulia pakiti ambazo hajawahi kuzinunua.
Mtu wa sera akasema kurasa ishirini ni nyingi,
viongozi hawana muda, tufanye mbili.
Tukafanya mbili.
Ikabaki nukta moja nzito: glavu.

Nimerudi Usoke kwa nauli yangu,
kwani kifungu cha kurejesha matokeo
kilikwisha kwenye sambusa.

"Glavu zilifika," ananiambia.
"Jozi mbili. Wamezikata kwenye mauzo, na riba juu."
Moja ameitia mbegu za mahindi,
amefunga kifundo, ameitundika juu ya mlango,
vidole vitano vinene vikielekea chini.
Zile nyingine zinateleza, jani halishikiki.

Ananitazama viatu, vumbi, mkoba.
"Na wewe wanakulipa kwa siku?"
"Kwa dodoso lililokamilika."
"Kumbe kwa kilo, kama sisi."

Anavuta kigoda, anakipangusa kwa kiganja
ambacho weusi wa utomvu hautoki tena.
"Haya, kaa. Soma.
Huo mkojo wangu waliupa daraja gani?"