Mkulajembe

Nilipokuwa darasa la tatu, kule Mkwaja,
mbung'o waliipenda sketi yangu kuliko mimi.
Buluu ya shule: wanaiona toka mbali,
wanakuja kimya, wanatua kama waliotumwa,
hujapiga kofi, umeshachangia damu.
Mama akanishonea ya kaki.
Mwalimu akanirudisha nyumbani.
Mama akanirudisha shule, na kaki yangu ileile,
na yeye mwenyewe nyuma yangu, mikono kiunoni.
Ubishi ukaisha.

Baba yangu, Semhando, alikuwa mtu wa josho.
Mchana ng'ombe waingie na kupe, watoke wananuka dawa;
jioni aandike. Daftari jembamba, jalada la kijani:
namba ya sikio, tarehe, sababu.
Sababu ilikuwa moja tu.
Kurasa mbili, akachoka kuiandika,
akawa anaweka kistari, na chini yake kistari,
kama mtu anayeshona gunia.
Dume mmoja ndiye aliyeandikwa kwa jina:
*Kodi. Leo hakurudi.*

Vita vyake vya pili vilikuwa na mti.
Mkulajembe. Jina halina fumbo.
Unakata mmoja leo, mwezi wa pili wamesimama saba,
wameshikana miiba.
Na maua yake, nusu waridi nusu manjano,
yananing'inia kichwa chini, mazuri mno,
kama vile hayajui shina lake limemfanyia nani nini.
Baba alivunja mipini, akapinda mapanga mawili,
akakaa chini akacheka peke yake:
"Huu si mti. Ni deni."

Ranchi ikafa. Kwanza ng'ombe, halafu mishahara,
halafu bati za josho, moja moja, usiku.
Tukahamia Makorora. Baba akauza mkaa,
akikagua kila gunia kwa macho ya mgomvi:
miti gani hii? Imekatwa wapi?
Alikufa na daftari mtoni mwa kitanda.

Mwaka huu nimerudi nalo.
Mbelwa, askari wa hifadhi,
aliyezaliwa baada ya ng'ombe wa mwisho,
ananiambia nimfuate nyuma, na bora sikuvaa buluu.
Nacheka, hajui kwa nini.

Nyasi zinanifika kifuani, zinachakarika
kama mchele kwenye ungo.
Tohe anafyatuka miguuni petu,
anapiga mluzi mmoja, anazama.
Mbele, moto umepita wiki mbili nyuma:
ardhi nyeusi inaota manyoya ya kijani,
na kongoni amepanda kichuguu
anatutazama kwa ule uso mrefu wa karani.

Kisha kichaka. Mikulajembe, ukuta kwa ukuta.
Tunapita kwa mgongo, kwa kiwiko, kwa kuomba radhi,
tunatokea uwanjani.
Duara. Nyasi fupi, laini, kama zimenyolewa.
Swala zaidi ya thelathini, na ngiri amepiga magoti anakula.
"Hapa sijui pana nini," Mbelwa ananong'ona.
"Mti hauoti. Swala hawabanduki."

Mimi najua. Nahesabu hatua toka kwenye nguzo iliyooza:
arobaini, na hapa lilikuwa lango.
Boma namba nne.
Miaka na miaka ya samadi imelala chini,
wale wa kwenye vistari, usiku wao wote,
bado inalisha,
na mla majembe ameishia ukingoni
kama mdai aliyekuta nyumba ina watu.

Nafungua daftari. Sijui nilitaka kufanya nini.
Kusoma? Kwa nani?
Mbung'o ananitua mkononi. Nampiga.
Anapasuka juu ya ukurasa, chini ya kistari cha mwisho:
doa jekundu, bichi.
Damu yangu, au ya swala aliyetangulia kuumwa,
au zote mbili.
Mbelwa anasema twende, upepo umegeuka,
na kuna nyati.