Vidole vya Leelo

Februari, Tartu. Mto umeganda,
na Leelo anapigapiga buti mlangoni kukung'uta theluji
kama mtu aliyekuja kudai deni.
Miaka thelathini na mmoja aliketi kwenye simu ya teksi:
gari namba nne liko stesheni, namba saba limezimika,
kuna mama huko Annelinn, chupa imepasuka, haraka!
Yote kichwani, bila kalamu.
"Siku hizi," asema, "nafungua friji nasahau nilifuata nini."

Nampima fuvu kwa utepe, kama fundi cherehani:
shina la pua hadi kisogo,
sikio hadi sikio,
na vipimo vinapopishana naweka alama ya nta.
Koili ina umbo la nane, nzito kama kikaango.
Kwanza natafuta nguvu inayomtosha.

Ta!

Kidole chake cha shahada, mkono wa kulia, kinaruka.
Hakukiamuru. Anakitazama
kama mtoto wa jirani aliyeingia bila hodi.
"Nani kafanya hivyo, wewe au mimi?"
Fomu ya ridhaa haina mstari wa swali hilo.

Kisha kazi yenyewe. Herufi zinapita kwenye skrini
moja moja; akiona iliyojirudia, mbili nyuma,
abonyeze kwa mkono wa kushoto.
R. T. R. Anabonyeza.
K. M. L.
Nasogeza koili mbele, juu ya paji,
mahali ambapo, twadhani, herufi hushikwa zisidondoke.
Twadhani. Ndiyo maana tuko hapa.
Mshika mawili moja humponyoka;
sisi twamtwika matatu, kisha twampiga kumbo
tuone ni lipi litaanguka.

Yanaanguka. K imekwenda na maji.
M anaikumbuka wakati haina faida tena.
Kosa, kosa, kosa: jedwali langu linanenepa,
nami, Mungu anisamehe, nafurahi.

Halafu makosa yanakoma.

Nguvu ni ile ile. Koili haijateleza.
Nachungulia chini ya meza:
juu ya goti, mkono wa kulia unafanya kazi,
gumba limebeba L, cha kati S,
na kile cha shahada, kilichonitii mimi saa tatu,
saa nne kinamtumikia mwenyewe.

"Ndivyo nilivyoshika teksi," asema, wala haoni haya.
"Kichwa kikijaa, mtu anahamia kwa jirani."

Profesa Urmas anasoma, anakuna kidevu.
Mshiriki hakufuata maelekezo. Futa.
Nafuta safu ya kumi na tisa,
ingawa ndiyo pekee niliyoiota usiku ule.

Mlangoni Leelo anapokea vocha yake ya duka,
anaikunja mara nne, anaitia kifuani.
Kisha anavaa glovu, taratibu,
kidole kimoja, kidole kimoja,
kama karani anayefunga droo za ofisi.