Kata

Halszka alikuja Jumanne bila miadi,
theluji ya Łódź bado haijamyeyukia mabegani,
akakaa kwenye kile kiti.

Chumbani mwangu viti ni viwili. Kingine changu.
Kile kilikuwa cha mtu wa kila Alhamisi, saa kumi na moja,
miezi kumi na minne, kasoro Alhamisi ya Krismasi
na ile aliyofungua mtambo wa tramu namba kumi na mbili
ukakataa kufungika.

“Mume wangu alikuwa anakuja hapa.”
Nikasema, “Karibu chai.”
Si ndiyo, si siyo. Hata jina la mtu ni siri,
hata kwamba alipata kupanda ngazi hizi sitini na moja
akishika ukuta.

Akatandaza mezani stakabadhi zenye saini yangu,
alizozikuta ndani ya buti la kazini.
“Haya. Niambie alikuwa ananunua nini.”

Chuoni tulikariri.
Mwalimu mmoja: mwenye kidonda ndiye ajuaye kinapouma,
wewe mshikie taa, usimtangulie.
Mwingine: fikra iliyopinda huzaa siku iliyopinda,
ihoji, inyooshe, mpe mtu daftari akaandike nyumbani.
Wa tatu aliweka kiti kitupu mbele yetu,
mkalishe hapo asiyekuwepo, useme naye.
Nilifaulu kwa wote watatu.
Hakuna karatasi ya mtihani iliyouliza
ufanyeje kiti kitupu kikikaliwa na mjane.

Nikamweleza kiapo. Nilijisikia karani wa posta
anayeonyesha saa ukutani, dirisha limefungwa.
“Lakini amekufa,” akasema. “Maiti ana aibu gani?”
Nikasema siri haizikwi na mwenyewe.
“Basi umeirithi wewe.” Akacheka, kicheko kikavu.
“Mimi nimerithi buti.”

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Wahenga hawakusema kata inalalaje
mtungi ukishavunjika.

Nawe unayesoma, najua umeanza kunyoosha shingo.
Usingoje. Sitakwambia hata wewe.
Namba ya tramu nimeibadilisha. Majina pia.
Huenda na theluji.

Chai ikapoa. Akauliza kwa sauti ya chini,
kama anayeuliza bei ya kitu asichokimudu:
“Alipata kunitaja?”

Ulimi wangu ukainuka kinywani.
Neno moja lingetosha, na sisemi lina silabi ngapi.
Nikauliza badala yake,
“Ungependa awe alikutaja akisemaje?”
Swali zuri, la kitabuni kabisa,
nililichukia kabla halijatua.

Akalia. Sikumsogelea.
Nilisukuma boksi la karatasi laini kwa kidole kimoja.
Alipoondoka nilimwandikia jina la mwenzangu wa mtaa wa pili,
mtu mwema, ambaye hakumjua mumewe.
Aliikunja karatasi ndogo, ndogo zaidi,
mpaka ikawa kama kidonge.

Ijumaa nilimpelekea msimamizi wangu, Bogumiła,
anayesikiliza huku akimenya chungwa.
“Ulitaka kumwambia kwa faida ya nani?”
Yake, nikasema.
Akaendelea kumenya.
Yangu, nikasema. Ni nzito.
“Ehe. Andika hilo kwanza.”

Novemba mosi mji mzima huhamia makaburini,
taa za vioo vyekundu mpaka ukuta wa mwisho,
watoto wanapuliza vidole, nta inanuka.
Nilimwona Halszka kwa mbali akipangusa jiwe kwa kitambaa cha jikoni.
Nikajibanza kwa wafu wa watu wengine
mpaka alipokwisha, akaondoka.

Kanuni inasema: ukikutana na mteja hadharani
usimsalimu, mpaka akusalimu yeye.
Nilisimama pale muda mrefu,
mikono mifukoni,
nikingoja.