Ukuta wa Kukopa

Ingia kwa mlango wa barabarani:
uko ghorofa ya tatu, na hujapanda kipandio hata kimoja.
Hoteli ya Thornscombe imekaa mlimani
kama mtoto aliyeketi kwenye ngazi,
kisogo kikiipa barabara, vidole vya miguu kijitoni.
"Chumba chako kiko chini," anasema Loveday Tapscott, funguo kiunoni.
"Shuka. Ukipotea, shuka tena."

Nimekuja kupima. Ndiyo kazi yangu:
navuta utepe, naandika tarakimu,
naziuliza kuta zina miaka mingapi,
nazo, kama sisi sote, hupunguza.

Uso wake una adabu. Madirisha kumi na moja, sare sare,
vioo vya kale vinavyoitikisa miti hata pasipo upepo,
nguzo mbili nyeupe mlangoni.
Nikaigonga moja: ko, ko.
Mbao, na ndani mna hewa.
Mfanyabiashara wa sufu alitamani mawe,
mfuko ukamruhusu rangi.
Dirisha la kumi na mbili ni lipu tupu;
mtu amelichora vioo, akalichorea na pazia,
limesogezwa kidogo, kana kwamba kuna anayechungulia.
Zama zile serikali ilitoza kodi kwa mwanga.
Kodi ilikufa.
Dirisha halikupelekewa taarifa.

Nyuma ya uso, nyumba nyingine, kongwe, isiyojipodoa.
Mihimili ya mwaloni, myeusi kama masizi ya chungu,
ina matundu yasiyoshika kitu,
makovu ya ghala lililobomolewa.
Fundi aliichanja namba kwa patasi:
wa nne, wa tano, wa saba.
Wa sita niliutafuta hadi chai ya alasiri,
nikaukuta uani:
ndio benchi la Loveday la kumenyea viazi.

Hakuna sakafu inayosema kweli.
Kifungo cha shati kikidondoka chumba namba tisa,
kakitafute namba saba.
Vitanda vimewekewa kabari upande wa bondeni,
na Piran Yelland, seremala, huja kila vuli
na mfuko wa kabari nene kidogo kuliko za mwaka jana.

Kisha mchoro wangu ukagoma kufunga.
Kuta tatu za stoo ya chini nilikuwa nazo.
Ya nne, upande wa mlima, haipo.
Nilimulika tochi kati ya mapipa ya bia:
hapana tofali, hapana chokaa, hapana alama ya nyundo.
Ni mlima wenyewe,
umesimama ndani ya nyumba na vigoga vyake na unyevu wake,
umebebeshwa ghorofa tatu bila kuulizwa.

"Hutoa jasho siku mbili kabla ya mvua," Loveday akasema.
Huweka kiganja pale kila asubuhi,
ndipo aamue kama ataanika shuka.

Kwetu husema kukopa harusi, kulipa matanga.
Aliyejenga alikopa ukuta mzima, akala harusi, akaenda zake.
Mdai hana haraka.
Kila baridi hudai unene wa unywele,
na nyumba hulipa kwa kusogea.
Kwenye ufa kati ya jiwe na boriti
Piran amebandika vipande vya kioo, kila kimoja na tarehe yake.
Nikavihesabu: kumi na kimoja.
Kumi vimekatika katikati,
vikavu, safi, kama risiti.

Nililala nimeteleza upande mmoja wa kitanda.
Usiku mbao zilizungumza, si nami.
Kwenye karatasi ya mwajiri wangu palikuwa na kisanduku:
*ukuta wa nne, mali ya nani?*
Nikakiacha wazi.

Alfajiri, kabla ya kulipa bili, nilishuka na tochi.
Kioo cha kumi na moja kilikuwa kizima.
Nikajiona ndani yake,
nimeinama kidogo kuelekea bondeni,
kama kila kitu humu.

Nje, Loveday alikuwa ameanika shuka.