Mchele wa Kuzoleka

Usiku wa Kilindini, gunia likaponyoka,
Nikafoka hadharani, Dzombo uso ukashuka.
Kilomwagika ni nini? Mchele wa kuzoleka;
Neno langu la kinywani, hilo halikuzoleka.

Bombani nikasimama, maji baridi shingoni,
Mara tatu nikahema, nikajiuliza: nani
Kinywani mwangu asema? Kumbe barua mfukoni,
Ya onyo, ilonichoma, ilihamia kooni.

Nikarudi kwa mwenzangu, tukazoa punje zote,
Nikasema: kosa langu, genge lisikie lote.
Sasa ni sheria yangu: hasira ije, nisite,
Nisikize ndani mwangu, hodi ya nani, nimwite.

Na nikisahau kesho, Dzombo, nikumbushe bomba.